Nati Zilizobaki Amalemba

Jumatano, Agosti 1996

Rimu mpya na nati zake niliziweka mwenyewe, ili gari lipendeze kwenye harusi ya binti yetu. Leo nikimpeleka mke wangu hospitalini, akipumua kwa shida, tulipata pancha karibu na Shianda. Gurudumu la akiba lilikuwa na rimu ya zamani, na nati mpya hazikuishika.

"Mzee, hii inataka nati zake. Ziko wapi?" aliuliza dereva wa trekta la miwa aliyesimama kutusaidia.

"Nyumbani Amalemba, ndani ya kopo."

"Lakini gari linapendeza, Baba Ruth," mke wangu alisema, akajaribu kucheka.

Trekta lilitufikisha jioni. Daktari aliuliza kwa nini tumechelewa. Nilisema barabara ni mbaya. Mke wangu alinisikia, akageukia ukuta.

Wamemlaza. Kesho nitamwambia daktari ukweli mbele ya mke wangu, ikiwa bado atakuwa anasikia.