Maji Yenye Harufu ya Sabuni

Kariuki, mpwa wangu,

Ni mimi mjomba wako wa mtaa wa Free Area. Nimechoka na mgongo unaniuma, lakini boti yako haijauzwa. Nimeanza na hilo ndio utulie huko uliko.

Tangu tukuzike, boti imekuwa ikizama upande wa nyuma. Inakaa kwa maji kama ng'ombe aliyeshiba, injini inalia, na wageni wanapanda za wengine. Maji yalikuwa yamejaa kati ya sakafu na tumbo lake. Mkeo Njeri anayatoa na kopo, kesho yamerudi. Fundi mmoja wa pale ufuoni, anayeongea kunishinda mimi, na unajua hiyo si kazi rahisi, akamwambia, "Mathe, huku chini imepasuka. Uza injini, hii ingine ufugie kuku." Mke wako akakubali. Hana nguvu ya kubishana siku hizi. Mnunuzi wa injini alikuwa aje Jumamosi.

Nikashuka Naivasha. Si unajua mimi na hilo ziwa. Mimi ndiye nilimshika kiboko sikio mpaka akaniomba msamaha. Tangu ukiwa mdogo ulikuwa unaniuliza, "Mjomba, sikio la kulia ama la kushoto?" na mimi nakataa kusema. Sasa nikisimulia hiyo hadithi watu wanaangalia simu zao.

Tuliivuta boti mpaka kwa nyasi, tukaiweka juu ya mawe, maji yakiwa bado ndani. Fundi akacheka, "Mzee, si ungeyatoa kwanza?"  Nikaingia chini ya boti nikalala chali, nikingoja tone linidondokee. Uchovu wa matanga bado uko kwa mifupa, Kariuki. Usingizi ukanibeba. Kuamka, jua limehama na shati langu ni kavu kama limetoka kwa pasi. Nikamwambia fundi, "Boss, tumbo ambalo haliachilii maji yatoke, litayaingiza namna gani?" Akakumbuka ana kazi mahali.

Basi maji yalikuwa yanaingilia juu. Nikafungua kile kifuniko cha nyuma, nikachota na mkono, nikanusa. Sabuni ya unga. Nikaramba kidogo kuhakikisha; nimeshakula vibaya zaidi. Njeri hangeweza kujua, mikono yake inanuka sabuni kila siku.

Nikainua ule mkeka wa plastiki uliotandika, na hapo ndipo nilikaa chini. Mashimo ya skrubu. Ni ya vile viti ulivyosogeza mbele Njeri akiwa na mimba, ndio akae karibu na usukani. Uliyafunika na mkeka tu, na ilitosha, kwa sababu wewe ulikuwa unapangusa sakafu na kitambaa kilichokamuliwa.

Njeri hapangusi. Nilimwona asubuhi hiyo kabla hatujaivuta. Anamwaga ndoo, anasugua kiti chako, anamwaga ingine. Na anakuongelesha. Alikuwa anakuambia mtoto ameota jino. Nilirudi nyuma ya miti nikangoja amalize.

Nimeziba mashimo yote na gundi ya faiba, nikakausha chini mpaka vumbi likatoka. Mnunuzi alikuja, akaangalia, akaenda zake. Boti inakaa juu ya maji kama bata, na jana Njeri alibeba watalii, yeye mwenyewe kwa usukani. Aliniuliza, "Mjomba, kwani hayo maji yalikuwa ya nini?" Nikamwambia ni ya mvua. Akaangalia juu. Haijanyesha tangu matanga.  Asubuhi hii amebeba ndoo yake kama kawaida, na mimi nikaangalia kando.

Wacha nipumzike sasa. Nilipitia Kikopey, pale kwa nyama choma, nikiwa narudi, lakini kula mbavu peke yangu bila wewe kulinishinda, nikamfungia mama yako.

Kwaheri, Kariuki. Kila mvua kubwa ikipita nitashuka niinue ule mkeka niangalie gundi yangu. Pale ufuoni nishawaambia niliyasikia hayo maji yakipumua nikiwa bado njiani Gilgil, na hiyo hadithi itakua, unanijua. Lakini sabuni haitaingia ndani yake. Hiyo nakuahidi, na unajua vile kunyamaza kunaniumiza.

Lala, mwanangu. Lilikuwa la kushoto.

Mjomba wako