Moto Uliokatazwa katika Nyumba ya Muli

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Tawa. Jumatatu, 13 Agosti 1956, saa nne asubuhi.
Jina: Ndila binti Ndeti. Umri: kama miaka 55. Kazi: mkulima. Makao: Tawa.

Mimi ni mjane. Muli Ndeti, mwenye maduka ya Tawa, Kikima na Kathonzweni, alikuwa ndugu yangu mdogo. Nimekuja mwenyewe kwa sababu mmemfunga fundi Nzioka, mkisema alikata nguzo ya nyumba iliyomwangukia Muli. Nzioka hakukata kitu. Ni kweli yeye na Muli waligombania mpaka wa shamba, lakini huku kwetu ugomvi wa mpaka ni kama salamu.

Nyumba ni ya udongo na nyasi. Muli aliuzia chumvi dirishani pale alipokuwa hana mbele wala nyuma. Mwaka 1950 alihamia nyumba ya mawe, akaniweka mimi katika hii ya udongo niitunze ikae kama zamani, ili wageni wa kanisa waone Mungu alimtoa wapi. Mwaka 1953 alikataza moto ndani, asije akaipoteza. Nikahamisha mafiga nje.

Mwezi wa tano mwaka huu Nzioka alikuja kuziba paa. Aligonga nguzo ya kati, akaniambia, "Mama, nyumba bila moshi ni chakula ya mchwa. Ambia Muli." Sikumwambia. Nilikuwa nakula kwake, na nilimwogopa.

Mnamo Jumamosi tarehe 11, saa tisa alasiri, Muli alikuja peke yake. Aliketi chini, akaegemea nguzo ya kati kama alivyozoea ujanani. Akasema, "Dada, mbona hapa hapanuki kama kwetu?"

Nilimjibu ni kwa sababu hakuna moto. Akaniambia niuwashe, nimpikie chai humo ndani. Nilifurahi sana. Nilitoka kuchukua kijinga cha moto mafigani. Nilipofika mlangoni paa lote lilishuka. Watu walikuja tukafukua. Nguzo ilikuwa tupu ndani, imejaa udongo wa mchwa. Muli alikuwa ameshakufa.

Mmeniuliza kwa nini nilichelewa kupiga kelele. Nilikuwa nazima kijinga, nyasi zisije zikashika moto.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na lililo langu nimelisema.

Alama ya kidole gumba: Ndila binti Ndeti

Nimemsomea shahidi kwa Kikamba, akakubali ni sawa. Alipoambiwa Nzioka atatoka leo, aliuliza kama yeye ndiye ataingia mahali pake.
Koplo Salim Abdulatif