Kinanda Nimeondoka Nacho

Jaswinder,

Dengu za kulisha watu kwenye hekalu letu, gurdwara, ziko kwenye sufuria kubwa. ~~Chumvi nimeshatia.~~ Chumvi tia mwenyewe. Chapati sukumeni wewe na mkeo, mie si mzee?

Asubuhi nilikusikia ukimwambia katibu kwenye simu, "Mama sauti imekwisha, leo tuweke spika iimbe." Miaka arobaini naimba ibada ya Jumapili, halafu nafasi yangu unaipa spika. Ungeniambia mie kwanza.

Nimepanda bajaji kwenda gurdwara na kinanda changu. Waya wa spika usiutafute, uko kwenye mkoba wangu.

Njoo umefunika kichwa, ukae mbele. Sauti ikinikatika utaipokea wewe. Nyimbo zote nilikufundisha mwenyewe.

Mama yako, ambaye masikio bado anayo