Kifuniko cha Sindano

Kibaha, 14 Julai 2025

Baba, shikamoo. Natumai goti limepoa na mama hajambo. Mimi mzima, ila asubuhi nimejichoma kwa bahati mbaya na sindano iliyotoka kwa mgonjwa. Nilikuwa nairudishia kifuniko, jambo tulilokatazwa wauguzi: ikishatumika inatupwa wazi kwenye boksi lake. Anayewafundisha wenzake wodini kutofanya hivyo ni mimi. Hata bango la ukutani ni mwandiko wangu. Nimenawa kwa sabuni, sijamwambia mtu wodini.

Mwanao, Mwanaamina

Kisarawe, 14 Julai, jioni

Mwanangu, marahaba. Goti halina adabu, mama yako mzima. Umenichekesha. Mimi fundi cherehani mwaka wa thelathini na nane huu, nachomwa kila siku. Unanyonya kidole, unaendelea na suruali. Na kufunika sindano ndivyo nilivyokulea: nyumbani kwangu kila sindano ina kifuniko chake cha kalamu, haiachwi uchi. Hao wakubwa zako wanakuonea.

Baba yako

Kibaha, 15 Julai, asubuhi

Baba, shikamoo. Za kuamka? Sindano yako imetoka kwenye kitambaa, yangu imetoka kwenye mshipa wa mtu. Inaweza kuleta UKIMWI. Dawa ya kuzuia ipo, lakini lazima niianze ndani ya siku tatu, na siku ya kwanza imeshapita. Kuipata mpaka nimwambie Sista Laurentia, mkuu wa wodi, ajaze fomu. Mkono ulirudisha kifuniko wenyewe, kichwa hakijasema kitu. Naogopa majibu, baba. Na naogopa kuchekwa, na huo ni upumbavu.

Mwanao

Kituo cha basi cha Kwa Mathias, Kibaha, 15 Julai, saa tano

Mwanangu, marahaba ya haraka. Nimefunga duka. Suruali ya bwana harusi Amiri nimeiacha haina zipu. Mkono huo niliufundisha mimi, kwa hiyo kosa ni la nyumba yetu. Sasa chagua: umwambie Sista mwenyewe, au nimwambie mimi, na mimi nitaanzia ulipokuwa unakojoa kitandani. Afadhali wakucheke uko hai.

Baba yako

Kibaha, 15 Julai, saa sita

Baba, pole na safari. Usiingie wodini, nisubiri getini. Nimeshasema, na kidonge cha kwanza nimekimeza mbele yake. Sista hakucheka. Alifunga mlango, akaniambia alishajichoma mara mbili na fomu hakujaza. Alimkwepa mumewe kitandani miezi mitatu bila kusema sababu, mume akaamini ana mwanamume mwingine huko Soga. Mimi ni vidonge siku ishirini na nane, halafu vipimo mpaka Oktoba.

Mwanao

Kibaha, 16 Oktoba 2025

Baba, shikamoo. Nyumbani hawajambo? Majibu ya mwisho yametoka. Sina kitu, baba. Ni mzima kabisa.

Mwanaamina

Kisarawe, 16 Oktoba

Mwanangu, marahaba, marahaba tena. Alhamdulillahi. Nimesoma nikiwa dukani, nikalia mbele ya mteja. Alidhani nimeiunguza nguo yake kwa pasi, akaanza kunibembeleza, kwamba nguo ni kitu tu, itashonwa nyingine. Nimemwacha aendelee, nilikuwa nahitaji mtu wa kunishika bega.

Baba yako