Mashine Isiyo na Risiti

Makanyagio, Mpanda
3 Juni 1974

Mdogo wangu Telesphor,

Barua hii ikukute umekaa, maana ni ndefu. Sisi wazima. Magoti yangu yanauma, lakini hayo unayajua tangu zamani, si habari. Watoto wanakusalimu. Na kifua chako? Bado kinakuamsha alfajiri?

Tumeletewa bwana ushuru mpya kutoka Tabora, kijana msafi, viatu vyake havijajua vumbi letu. Alikuja hotelini kwangu saa ya chakula, akala wali maharage, akalipa, halafu akakaa anangoja. Nikamuuliza, "Bwana, umesahau kitu?" Akasema, "Wewe ndiye umesahau. Risiti yangu iko wapi?" Nikamwonyesha ukutani ninapochora mistari kwa mkaa, mstari mmoja sahani moja. Akaandika jambo kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini, ila alichukua muda mrefu kuliko kula.

Amri yake ni hii. Kila anayekula apewe stakabadhi, bei iwe peke yake na kodi ya mauzo peke yake, na nakala ibaki kwangu. Njia ni mbili. Moja ni vitabu vya risiti vya kuandika kwa mkono, vyenye namba, vikapigwe mhuri ofisini kwake. Ya pili ni mashine kama zile za hoteli kubwa. Mpaka tarehe 31 Desemba niwe nimechagua, la sivyo leseni ya mwakani sipati.

Leseni ikikosekana unajua nitakakokwenda. Shemeji Melkior bado anasema mjane wa kaka yake ni wa ukoo, na mahali pake ni Usevya, nyumbani kwake Melkior. Kila akija mjini kuuza mpunga hupita kuuliza, "Shemeji, biashara haijakuchosha?" Imenichosha kweli, lakini si kiasi hicho.

Wewe unafanya kazi kwenye duka la mashine za ofisi. Nishauri. Mimi kuandika nimejifunza ukubwani, Generosa anayenipikia hajajifunza, na wateja wangu hawali kama watu wa risiti. Madereva wa malori ya Operesheni, yanayohamishia watu vijijini, wanakula wanne sinia moja. Wasukuma wanakuja na unga wao, nawasongea ugali, wanalipia moto na mchuzi. Hapo risiti iandikwe nini?

Dada yako,
Romana


Dar es Salaam
24 Juni 1974

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nimesimama, nikakaa. Kifua kimepoa. Mshukuru Mungu kwa magoti yanayouma, maana bado ni yako.

Kama unavyoona nakuandikia kwa karatasi ya ofisi, hivyo huu ni ushauri wa kitaalamu. Vitabu uviache. Utaandika sahani mia kwa siku, mkono utakufa, na ukikosea hesabu ya kodi mara moja watakuita mwizi. Chukua mashine. Haihitaji umeme, ina mkono wa kuzungusha. Unabonyeza bei, unabonyeza aina ya chakula, unazungusha, kengele inalia, droo inafunguka, risiti inatoka. Nakala inajiviringisha ndani kwenye kijumba chenye kufuli, na bwana ushuru mwenyewe atakuja kuifungua na kusoma.

Ipo moja, imetumika kidogo katika hoteli ya ufukweni. Bei ni shilingi mia tisa kwa sababu ni wewe. Fanya haraka, wapo wengine wanaiulizia.

Mdogo wako,
Telesphor


Makanyagio
19 Julai 1974

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku hatujambo, ila sukari imekuwa hadithi. Nikisema ipo chai ya sukari, watu wanatazamana kama nimewatajia ndugu aliyepotea.

Nimesoma ushauri wako mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nikashtuka bei, mara ya tatu nikajiuliza hao wengine wanaoiulizia ni akina nani. Nina maswali. Kodi inaiandika peke yake? Serikali ikiipandisha, mashine itajuaje? Na yule mwenye unga wake?

Nilimuuliza bwana ushuru naye. Anasema mashine ni bora kuliko mtu, kwa kuwa mashine haina shangazi. Generosa akamjibu kutoka jikoni, "Na isiyo na shangazi itafundishwa na nani adabu?" Bwana ushuru akaendelea na kodi yake. Anasema kodi itakubaliwa kama kuna kibonyezo chake, na chakula chochote kitakubaliwa kama kina jina.

Basi nimeuza cherehani ya marehemu. Natoa mashine nipate mashine. Hela nimekutumia kwa hawala ya posta, nenda kaichukue. Leta mzigo kwa treni, mkononi mwa Yotham, yule gadi. Wengine siwaamini na vitu vinavyolia kengele.

Na unitumie na karatasi ya duka ya kununulia. Usisahau.

Dada yako,
Romana


Makanyagio
11 Oktoba 1974

Telesphor,

Wazima wewe na kifua chako? Mashine imefika tangu Septemba mwanzoni. Watu wanne waliibeba kutoka stesheni. Nzito kama dhambi, na ina maua ya shaba ubavuni. Siku ya kwanza kengele ilipolia, dereva mmoja alisimama akavua kofia.

Sasa sikiliza. Kibonyezo cha kodi kipo, na vya chakula viko sita. Kimoja ni BIA, nami sina leseni ya bia. Kimoja SODA, hiyo ninayo lori likifika. Kimoja KUKU, kimoja SAMAKI, navyo vina bei zake. Kimoja MENGINEYO, ndicho nilichokuwa nakitaka, na hicho kimekufa, ukibonyeza kinazama hakirudi mpaka Generosa akichokonoe kwa kijiti. Kilichobaki ni AISKRIMU.

Wali, maharage, ugali, moto wa Wasukuma, vyote navipeleka aiskrimu. Niliona hakuna hatari, maana hakuna mtu wa Mpanda atakayedhani ninayo kweli. Maduhu, yule mwenye ng'ombe wengi wa ng'ambo ya mto, alileta unga wake, akala, akapewa risiti ya aiskrimu mbili. Akamtafuta mtu wa kumsomea. Akarudi kuniuliza, "Mama, hiki kitu nilichokula, ni kitamu?" Nikamwambia hakuna aliyelalamika.

Jambo zito ni hili. Mashine lazima iandikishwe ofisini, namba yake pamoja na karatasi ya kununulia. Bwana ushuru anacheka mwenyewe, anasema mama umenunua mashine ya kutoa risiti, na yenyewe haina risiti. Nitumie karatasi hiyo. Nimekuandikia kadi mbili kabla ya hii, hujajibu. Na ile barua yako fupi ya kuleta mzigo iliandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Ofisi imeishiwa?

Dada yako,
Romana


Makanyagio
16 Novemba 1974

Telesphor,

Sikuulizi hali, ungekuwa mgonjwa mtu angeniandikia.

Bwana ushuru amefungua kile kijumba chenye kufuli. Akavuta karatasi, akavuta, akavuta, ikafika mlangoni. Akaanza kujumlisha. Halafu akasema kwa upole, ule upole wa watu wa ofisi, "Mama Romana, kwa miezi miwili umeuza kuku kumi na moja, samaki arobaini, na aiskrimu elfu moja mia nne na sita."

Nikasema, "Mwaka wa njaa huu, watu wanakula walichokipata."

"Aiskrimu iko kwenye fungu la starehe. Kodi yake si kodi ya maharage."

"Karibu jikoni uione."

Akaja. Nikamwonyesha mafiga matatu, sufuria mbili, mtungi wa maji na Generosa. Generosa akafunua mtungi, akamwambia, "Baridi tuliyonayo ndiyo hii, baba. Kunywa." Akanywa. Telesphor, nilimwona anacheka, nikajua huyu naye alizaliwa na mtu.

Lakini kucheka si mhuri. Anasema anaweza kusahihisha ile aiskrimu iwe vyakula vya kawaida, ila hawezi kusahihisha hesabu ya mashine isiyojulikana imetoka wapi. Nilete karatasi kabla ya tarehe ishirini Desemba. Isipokuja, mashine inachukuliwa na faili la leseni linafungwa.

Melkior naye alikuja juzi na kuku wawili. Kuku wa nini, nikamuuliza. "Kusalimia tu, shemeji." Aliitazama hoteli kwa namna mtu anavyotazama shamba la jirani aliyehama.

Swali langu ni moja. Karatasi ipo au haipo?

Romana


Dar es Salaam
2 Desemba 1974

Dada,

Shikamoo, ingawa sistahili uniitikie.

Karatasi haipo. Kwenye duka lile sifanyi kazi tangu Pasaka. Walipunguza watu, nami nilikuwa mtu. Ulipoandika Juni nilikuwa nimeshakaa miezi miwili bila kazi, zile karatasi za ofisi niliondoka nazo. Mashine walinipa badala ya mshahara wa miezi mitatu, kwa mdomo, bila maandishi. Mia tisa yako imelipa chumba na deni la duka la chini. Nilitaka kukwambia kila wiki, na kila wiki niliona barua yako iliyopita bado ina hasira ya kutosha.

Nimekuwekea humu risiti moja ya duka, niliondoka nayo ikiwa tupu, mhuri unao. Nimeijaza kwa tarehe ya Julai. Mpe bwana ushuru, mambo yaishe. Mwandiko ni mzuri, hawezi kujua.

Mdogo wako,
Telesphor


Makanyagio
29 Desemba 1974

Mdogo wangu Telesphor,

Marahaba. Nimekuitikia, sasa kaa.

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na saba. Risiti yako niliitazama muda mrefu. Mwandiko ni mzuri kweli, Padri angekupa darasa. Lakini huyu bwana ana tabia moja, akipewa karatasi anaandika barua kule ilikotoka. Nami nikawaza, wakimjibu kwamba hawayajui hayo mauzo, nani atashikwa? Si mashine. Nikaitia jikoni. Iliwaka vizuri, ilikuwa karatasi ya ofisi.

Tarehe kumi na tisa nikaenda kwake. Nikasema, "Ile mashine sina karatasi yake. Ichukueni."

"Nani aliyekuuzia?"

"Mtu wa kwenye treni."

"Jina lake?"

"Kwenye treni watu hawaulizani majina."

Akaniangalia. Anajua nina mdogo wangu Dar, Mpanda nzima inajua, nilijisifia mwenyewe mashine ilipofika. Kalamu ikakaa hewani. Nilihesabu mbao za dari, ziko ishirini na mbili, moja imeoza. Mwisho akaandika "mtu wa kwenye treni", akapiga mstari chini. Faini ni shilingi sitini kwa kutumia mashine isiyoandikishwa, mashine ni mali ya serikali, aiskrimu zote zimegeuka maharage. Nikanunua vitabu vya risiti kumi na viwili, akavipiga mhuri kimoja kimoja. Leseni nimeipata jana.

Kwa hiyo sasa nina hoteli na sina cherehani, sina mashine, sina mia tisa. Melkior nimemrudishia kuku wake. Mmoja alikuwa ameshataga, nikabaki na yai, sikuona sheria inayokataza.

Naandika tangu asubuhi mpaka jioni. Wali mmoja, senti hamsini za kodi hapa, nakala pale, karatasi ya kaboni imenitia weusi mpaka kwenye kidevu. Sinia la watu wanne naandika sinia moja, la mwenye unga wake naandika kupikiwa. Kitabu hakiniulizi kibonyezo. Ila mkono ulikufa wiki ya kwanza, kama ulivyosema. Katika yote uliyoniambia hilo lilikuwa kweli.

Wewe una mwandiko na huna kazi. Njoo uandike. Chakula kipo, mahali pa kulala ni lile ghala la mkaa, nimelifagia. Mshahara tutaona.

Kuhusu mashine, kama ulipewa au vipi, sikuulizi kwa barua. Barua zako nimeshazijua. Ukifika nitakutazama.

Dada yako,
Romana


Stesheni ya Kaliua
18 Januari 1975

Dada,

Shikamoo. Nimefika Kaliua salama, kifua kinakohoa kidogo kwa vumbi la behewa. Treni ya Mpanda iliyopo hapa ni ya mizigo tu, hawapakii abiria, yetu wanasema ni keshokutwa. Gadi wa hii ni Yotham, kwa hiyo barua itatangulia mimi nikibaki.

Ulisema hutaniuliza. Nakujibu kabla hujanitazama, kwa sababu ukinitazama nitasema uongo tena, najijua.

Nilichukua. Walikuwa hawajanilipa miezi mitatu, hilo ni kweli, nilikwenda pale mara sita wakaniambia rudi kesho. Jumapili moja mlinzi alikuwa kanisani na ufunguo wa nyuma nilikuwa sijaurudisha. Niliibeba mashine kwa mkokoteni nikiwa nimeifunika kwa gunia. Kila jiwe la barabara, kengele ililia.

Keshokutwa treni ikiingia Mpanda sitashuka mara moja. Nitakaa dirishani upande wa jukwaa. Nikikuona, nitashuka. Nisipokuona, nitajua, nami nitarudi na behewa hilohilo, wala usinitumie neno lolote kwa mtu.

Nimevaa shati la bluu.

Mdogo wako,
Telesphor