Sinia ya Kiwandani

Mjukuu, mume wangu Hamisi,

Hapa Chuno hatujambo. Mama yako yuko Kitaya anapalilia mihogo. Mimi ndiye sina raha tangu uliponiuliza kwa nini wafanyakazi wako hunyamaza ukiingia.

Nilipokuwa nabangua korosho kiwandani, msimamizi wetu alikula nasi sinia moja, na mikono yetu ile ile iliyobabuka kwa mafuta ya maganda. Siku moja tukiwa tunakula, mwenzetu Somoe akamnong’oneza, “Bosi, lile tangi la mvuke linalia vibaya.” Msimamizi akatutoa nje sote. Likapasuka tungali na matonge mkononi.

Somoe alikuwa mwoga. Ofisini asingemfuata.

Wewe umesema chakula unaletewa ofisini, unafunga mlango. Sasa tangi la kwenu likilia, baba, atakuambia nani?

Bibi yako,
Mwanahawa