Usukani wa Mkono Mmoja

Itigi,
4 Machi 2024

Kwako mpwa wangu Jenifa,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi hatujambo, mama yako hajambo, mvua imetosha na nyuki wamechangamka. Wewe na gereji yako mnaendeleaje?

Naandika kwa sababu simu hukatika nikiwa porini, na mambo haya yanataka kusomwa mara mbili. Kikundi chetu cha wafuga nyuki kinanunua gari, Jenifa. Gari letu wenyewe. Mwenyekiti wetu Gaspari ameonyeshwa mawili huko Dar, yote yametumika. Moja wanasema usukani wake hubadilika kadiri unavyoukata. La pili, matairi ya nyuma nayo yanakata kona. Niliposikia hilo nilicheka peke yangu kama mwehu. Nenda ukayajaribu, utuambie tuchukue lipi.

Dereva atapatikana kwa mtihani: kuligeuza pale kwenye uwazi wa mizinga, vichaka pande zote, bila kugusa kitu. Tuko wawili, mimi na Emilian wa Ihanja aliyekuwa anaendesha lori. Tangu nianguke kutoka mtini mwaka jana watu wananiona mtu wa kupakiwa tu. Bega limepona. Naitaka kazi hii kuliko chakula.

Mjomba wako, abiria,
Bonaventura


Dar es Salaam,
19 Machi 2024

Shikamoo mjomba,

Natumaini mu wazima wote. Mimi ni mzima, ila tangu jana siwezi kutulia. Nimeyaendesha yote mawili.

La kwanza, usukani ukiwa katikati ni mtulivu, barabarani gari haliyumbi. Ukizidi kuukata, matairi yanapinda zaidi kwa kila kipande unachozungusha. Kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa ni mizunguko miwili na robo. La pili linachukua mitatu na nusu, lakini acha tu, mjomba. Ukienda polepole matairi ya nyuma yanakwenda kinyume na ya mbele, gari linajikunja palepale. Ukienda kasi yanafuata upande mmoja na ya mbele, gari linatulia. Niliyazungusha kwenye uwanja wa vumbi nikapima alama za matairi: duara la hili la pili ni dogo kuliko la kwanza kwa hatua mbili nzima. Mafundi wenzangu waliacha spana wakaja kutazama.

Chukueni la pili. Pale mizingani utaligeuza mara moja tu, Emilian abaki mdomo wazi.

Mpwa wako,
Jenifa


Itigi,
30 Machi 2024

Marahaba mpwa wangu,

Afya zetu nzuri, na barua imefika. Mama yako aliisoma kwa sauti mbele ya kikundi, wakashangilia. Wote wanataka la pili. Nami nilishangilia, halafu nikaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Nilikudanganya. Bega halijapona. Mkono wa kushoto hauinuki kupita kifua. Gia naiweza maana iko chini, lakini usukani nabaki na mkono wa kulia peke yake. Nimejaribu kwenye gari la parokia: mzunguko wa kwanza sawa, wa pili natweta, wa tatu mkono unaachia katikati ya kona. Hiyo miwili na robo ningeiweza. Mitatu na nusu siiwezi.

Nikisema, Emilian ameshinda kabla ya kuwasha gari. Lakini gari ni la watu ishirini na wanane, si langu. Kwa hiyo pima tena. Usiniandikie kama mpwa, niandikie kama fundi. Ukiona bado la pili ndilo, sema hivyohivyo. Sitakununia.

Mjomba wako, abiria,
Bonaventura


Dar es Salaam,
11 Aprili 2024

Shikamoo mjomba,

Pole na bega. Barua yako ilinitoa machozi, kisha ikanikasirisha, kisha nikaenda kutafuta khanga. Nilijifunga mkono wa kushoto kifuani, nikabakiza kiganja cha kubadilishia gia, na nikapanga mapipa matupu pembeni kama mizinga yenu. Hilo sikulifanya mara ya kwanza. Kosa langu, nilipima mahali peupe.

Mjomba, la pili liliangusha pipa. Pua ikipinda kulia, matairi ya nyuma yanasukuma mkia kushoto, na mkia ndio huuoni. Nilirudia, likaangusha tena. Sasa fikiria lile pipa ni mzinga umejaa nyuki, na watu wako wamekaa nyuma ya gari. Halafu mitambo ile ya nyuma ikiharibika, nani ataitengeneza huko? La kwanza linataka rivasi moja, lakini mkia wake una adabu. Nililigeuza kwa mkono mmoja mara tisa, pipa halikutikisika. Anza kukata mapema, usingoje.

Sijakupendelea. Nimemwandikia Gaspari hayohayo, na kwamba mwanzo nilikosea. Ya bega sikuandika. Hiyo utasema wewe, mbele yao, kabla ya mtihani. Usiposema, nitapanda treni nije niseme mimi.

Mpwa wako, fundi,
Jenifa


Dar es Salaam,
20 Mei 2024

Shikamoo mjomba,

Mu wazima kweli? Gari liliondoka hapa tarehe mbili, lile la kwanza, nililikagua mwenyewe hadi nati ya mwisho. Tangu hapo kimya. Nikipiga simu, mama anasema utaandika mwenyewe, anakata. Ulisema au hukusema? Nijibu hata mstari mmoja.

Mpwa wako,
Jenifa


Mizingani, Itigi,
26 Mei 2024

Marahaba Jenifa mpwa wangu,

Tu wazima sana. Niwie radhi, niliapa nisiandike mpaka niwe na la kuandika. Mtihani ulikuwa jana.

Nilisema. Nilivua shati, nikainua mkono, wakaona unapoishia. Emilian akasema basi hakuna haja ya mtihani. Gaspari akakataa, akasema kila mtu apande.

Emilian alianza. Aligeuza vizuri, rivasi mbili. Nikaingia, gia ya kwanza, kiganja kimoja kwenye usukani, nikakata mapema kama ulivyoandika. Rivasi moja. Hakuna hata jani lililoguswa. Akina mama walipiga vigelegele mpaka nikahofia nyuki, na mimi nililia mbele ya watu, sikufichi. Emilian alikuwa wa kwanza kunipa mkono. Tutapanda pamoja: yeye ainue ndoo na kubadilisha matairi, na siku bega likigoma aendeshe.

Karatasi hii iko juu ya usukani. Ndoo za asali zimejaa nyuma, wananiita tuondoke. Moja ni yako, jirani yetu Ritha atakuletea kwa treni ya Jumatano.

Mjomba wako, dereva,
Bonaventura